Mhariri, kura za mchujo wa Marekani hazina jumla moja

Mhariri,

Makala ya ukurasa wenu wa kimataifa kuhusu historia ya mchujo wa urais wa Marekani imerudia dai ambalo halijafa tangu 2008: kwamba Hillary Clinton alipigiwa kura nyingi kuliko Barack Obama, ila wajumbe wa chama cha Democratic wakamnyima tiketi. Dai hilo halikosi wasikilizaji huku kwetu Tanzania, ambako tangu kura za maoni za CCM za 2020 kila kijiwe kinajua kwamba wajumbe si watu wazuri. Lakini kwa mbio zile halisimami. Wala sisemi hivyo kwa kuwa Obama ndiye aliyepata nyingi. Swali la nani alipata kura nyingi mwaka ule lina majibu yasiyopungua matano, na kila jibu linategemea kura zipi umeamua kuziingiza.

Chama cha Democratic hakijumlishi kura za nchi nzima. Kinahesabu wajumbe tu, yaani watu wanaokwenda mkutano mkuu wa chama kumteua mgombea urais. Jumla za kura tunazoziona magazetini hutengenezwa na vyombo vya habari na tovuti za siasa, kila kimoja kwa uamuzi wake. Chukueni majimbo yaliyotangaza idadi ya kura, muache Florida na Michigan: Obama anamaliza mbele kwa kura kama 336,000. Mkiingiza Florida, uongozi wake unashuka hadi kama 42,000. Mkiingiza na Michigan, Clinton ndiye anayeongoza, kwa kura kama 287,000. Mkimpa Obama zile kura za Michigan zilizopigwa kwenye kisanduku cha "bila mgombea", uongozi wa Clinton unabaki kama 48,500. Kisha ongezeni makadirio ya majimbo manne ambayo hayakutangaza idadi ya wapiga kura, yaani Iowa, Nevada, Maine na Washington, na Obama anarudi mbele kwa kama 62,000. Kila mmoja wao alikuwa na zaidi ya kura milioni 17 katika hesabu nyingi kati ya hizo, kwa hiyo tofauti zote hizi ni asilimia moja au pungufu. Mwandishi wenu aliokota ile ya tatu, ambayo ndiyo dhaifu kuliko zote.

Udhaifu wake uko Michigan. Kanuni za chama kwa msimu ule ziliruhusu majimbo manne tu kupiga kura kabla ya 5 Februari 2008: Iowa, New Hampshire, Nevada na South Carolina. Michigan ikapiga tarehe 15 Januari, Florida tarehe 29 Januari. Adhabu iliyotangazwa mapema ilikuwa kufutiwa wajumbe wote, na wagombea wakuu waliahidi kutofanya kampeni kwenye majimbo hayo. Obama aliliondoa jina lake kwenye karatasi za Michigan. Clinton aliliacha lake. Alipata kura 328,309, na wapiga kura 238,168 wakachagua "bila mgombea". Kuziingiza kura hizo kwenye jumla ya nchi ni kusema kwamba Obama hakuwa na mwana Michigan hata mmoja aliyemtaka. Florida ni habari nyingine: majina yote yalikuwepo, watu zaidi ya milioni 1.7 walijitokeza, na Clinton alishinda kwa asilimia 50 dhidi ya 33. Kwangu mimi malalamiko ya Florida yana uzito, ingawa wapiga kura wake waliambiwa waziwazi kwamba wanachagua bila wajumbe, na hakuna ajuaye ni wangapi walibaki nyumbani kwa sababu hiyo.

Suluhisho lilipatikana 31 Mei, kamati ya kanuni ya chama ilipoketi jijini Washington. Kila mjumbe wa majimbo hayo mawili alipewa nusu kura. Wajumbe wa Michigan waligawanywa 69 kwa Clinton na 59 kwa Obama, mgawanyo ambao haukutoka kwenye fomula yoyote. Ulikuwa mapatano ya mezani. Kura zao kamili zilirudishwa Agosti, mkutano mkuu wa Denver ulipofika na mbio zikiwa zimekwisha.

Kuna pia Puerto Rico, kisiwa kilicho chini ya Marekani lakini si jimbo, iliyopiga kura 1 Juni na kumpa Clinton asilimia 68. Wakazi wake hushiriki mchujo lakini hawapigi kura ya urais Novemba. Kura zao zinaingia kwenye jumla za karibu kila mtu, na uongozi wa zaidi ya kura 140,000 alioupata Clinton pale ni karibu nusu ya hiyo 287,000 ambayo watu wanaitaja kama ushahidi.

Tatizo la pili ni kokasi, na hapa wafuasi wa Clinton wana hoja bora zaidi kuliko ile ya Michigan, ingawa ndiyo isiyotajwa sana. Jimbo la kura za kawaida hufungua vituo asubuhi na kuvifunga usiku. Mtu anaingia, anatumbukiza karatasi, anaondoka, na asiyeweza kufika anaweza kupiga kwa posta. Kokasi ni mkutano. Unatakiwa uwepo kwa saa iliyopangwa, kwenye shule au ukumbi wa mtaa wenu, ukae pengine kwa muda wa saa mbili, na kwa upande wa Democratic ujitokeze hadharani katika kundi la mgombea wako. Muuguzi wa zamu ya jioni hayupo. Mzee asiyeweza kusimama muda mrefu hayupo. Askari aliye ng'ambo hayupo. Idaho, jimbo zima, walikusanyika watu kama 21,000 tu.

Jimbo la Washington linaonyesha jinsi njia mbili zinavyoweza kutoa picha mbili. Tarehe 9 Februari lilifanya kokasi, Obama akapata karibu asilimia 68. Siku kumi baadaye lilifanya kura ya kawaida ambayo haikugawa mjumbe yeyote. Walipiga kura watu karibu 700,000, na Obama akashinda kwa 51 dhidi ya 46. Wajumbe wote 78 waligawanywa kwa matokeo ya kokasi, 52 kwa 26. Nebraska nayo: kokasi ya Februari ilimpa Obama 68 kwa 32, kura ya kawaida ya Mei isiyo na wajumbe ikampa 49 kwa 47. Sasa, anayetengeneza jumla ya kura za nchi nzima aingize Washington ipi? Akiingiza kokasi, anaongeza watu wachache waliokubali kukaa mkutanoni. Akiingiza ile ya kawaida, anaongeza kura ambazo wagombea wenyewe hawakuzihangaikia kwa sababu hazikuwa na kitu. Ni sawa na kujumlisha madebe ya mahindi na lita za mafuta, halafu ukauliza jumla ni ngapi.

Twende kwa wajumbe. Watu wengi hudhani kila jimbo hupewa wajumbe kwa idadi ya watu wake, kisha aliyeshinda anachukua sehemu kubwa. Kwa Democratic mambo hayako hivyo. Mgao wa kila jimbo unatokana na wastani wa vitu viwili: mchango wa jimbo hilo katika kura zote za Democratic kwenye chaguzi tatu za urais zilizopita, na sehemu yake katika zile kura 538 za wateule wanaomchagua rais baada ya uchaguzi wa Novemba. Jimbo linalokipigia chama kura nyingi Novemba linaongezewa. Ndani ya jimbo, robo tatu ya wajumbe wa msingi hugawanywa kwa wilaya za uchaguzi na robo inabaki ya jimbo zima. Juu yake kuna nyongeza ya asilimia 15 ya viongozi wa chama ambao nao hufungwa na matokeo ya jimbo. Na wilaya nazo hazilingani: ile yenye wapiga kura wengi wa Democratic ina wajumbe wengi kuliko jirani yake wa idadi hiyohiyo ya wakazi.

Baada ya hapo hesabu hufanywa wilaya kwa wilaya, halafu mara nyingine kwa jimbo zima. Mgombea asiyefikisha asilimia 15 katika eneo husika huondolewa, na asilimia za waliobaki hupigwa upya kana kwamba wao tu ndio waliogombea. Asilimia ya kila mmoja huzidishwa kwa idadi ya wajumbe wa wilaya. Namba nzima anapewa papo hapo, na wajumbe wanaobaki huenda kwa mwenye desimali kubwa zaidi.

Hapo ndipo kura nyingi zinapozaa wajumbe wachache. Chukueni wilaya yenye wajumbe 4 na wagombea wawili. Mmoja akipata asilimia 62, mara 4 ni 2.48, mwenzake mwenye 38 anapata 1.52. Wa kwanza anapewa 2, wa pili 1, na mjumbe anayebaki anakwenda kwa mwenye .52. Matokeo: 2 kwa 2. Ushindi wa mbali namna hiyo haukuleta hata mjumbe mmoja wa ziada! Ili kupata 3 kwa 1 lazima uvuke 62.5. Wilaya ya wajumbe 6 inahitaji zaidi ya 58.3 ili iwe 4 kwa 2. Wilaya ya wajumbe 2 ni mbaya zaidi: chini ya asilimia 75 mnagawana mmoja mmoja. Lakini wilaya ya wajumbe 3 au 5 inamlipa mwenye kura moja tu ya ziada, 2 kwa 1 au 3 kwa 2. Meneja wa kampeni anayejua kazi yake hamwagi fedha kwenye wilaya ya 4 anayoongoza kwa 55. Anazipeleka kwenye wilaya ya 3 iliyo sare, na kwenye wilaya ya 4 anakoshindwa anatafuta tu asifike chini ya 37.5.

New Hampshire ya 2008 inaeleweka kwa hesabu hiyo: Clinton alishinda kwa asilimia 39 dhidi ya 36, kila mmoja akaondoka na wajumbe 9. Nevada pia, ambako Clinton aliongoza kwa karibu 51 dhidi ya 45 na Obama akapata wajumbe 13 dhidi ya 12 wa Clinton. Nguvu ya Clinton ilikuwa Las Vegas, ambako wilaya ziligawanyika nusu kwa nusu. Ya Obama ilikuwa kaskazini na vijijini, kwenye wilaya ya wajumbe wa idadi witiri. Usiku ule magazeti mengi duniani yaliandika kwamba Clinton ameshinda Nevada, na kwa kipimo chao hawakukosea, ila kipimo chenyewe hakikuwa kile kilichompa mtu tiketi.

Sasa linganisheni Pennsylvania na Idaho. Tarehe 22 Aprili watu zaidi ya milioni 2.3 walipiga kura Pennsylvania. Clinton alishinda kwa asilimia 54.6, akimwacha Obama kwa kura zaidi ya 200,000. Wajumbe 158 waligawanywa 85 kwa 73, faida ya wajumbe 12. Idaho, ile ya watu 21,000, Obama alipata karibu asilimia 80, wajumbe 15 kwa 3. Faida: wajumbe 12. Hapo msomaji anaruka na kusema wizi. Lakini tenganisheni vitu viwili vilivyojificha ndani ya namba hiyo. Kimoja ni kokasi: mjumbe wa Idaho aliwakilisha watu kama 1,200 waliojitokeza, wa Pennsylvania zaidi ya 14,500. Hiyo ni kasoro ya kweli na haifichiki. Kingine ni ukubwa wa ushindi. Idaho ilikuwa na wajumbe 18 tu. Kama Clinton angepata hata asilimia 38, faida ya Obama ingeshuka hadi kama wajumbe 4. Kambi ya Clinton iliyaacha majimbo madogo ya kokasi karibu yote bila ofisi wala watu wa kutosha, ikitegemea kwamba California, New York na New Jersey zingemaliza kazi tarehe 5 Februari. New Jersey ilimpa 59 kwa 48, faida ya 11. Yaani Idaho peke yake iliifuta New Jersey na kubaki na chenji.

Texas ndiyo iliyowachanganya wengi, kwa kuwa ilifanya yote mawili siku moja, 4 Machi. Mchana watu walipiga kura za kawaida kwa wajumbe 126. Vituo vilipofungwa, waliotaka walirudi palepale kwa kokasi iliyoamua wengine 67. Clinton alishinda kura za mchana kwa takriban 100,000, faida ikawa 65 kwa 61. Mbona ndogo hivyo? Kwa sababu Texas haikutumia wilaya za Bunge la Marekani. Ilitumia wilaya 31 za seneti ya jimbo, na kila moja ilipewa wajumbe kati ya 2 na 8 kwa kufuata kura za Democratic za 2004 na 2006. Maeneo ya Walatino mpakani, ngome ya Clinton, yalikuwa yamejitokeza kidogo kwenye chaguzi hizo, yakapewa wajumbe wachache. Austin na mitaa ya Weusi ya Houston na Dallas, ngome za Obama, yalikuwa yamejitokeza sana. Mpiga kura aliyekaa nyumbani 2006 alimpunguzia jirani yake nguvu 2008. Kisha ile kokasi ya jioni ikampa Obama 38 kwa 29. Jumla ya Texas: Obama 99, Clinton 94. Ukisoma vichwa vya habari vya asubuhi iliyofuata, Clinton ndiye aliyekuwa ameshinda.

Hadi mwisho wa mbio, wajumbe waliotokana na kura, ukihesabu Florida na Michigan kwa nusu kura, walikuwa takriban 1,766 kwa Obama na 1,639 kwa Clinton. Aliyetaka tiketi alihitaji 2,118. Kwa hiyo hakuna aliyefika kwa kura za wananchi peke yake, na hapa wajumbe wakuu wanaingia: wabunge na maseneta wa chama, magavana, marais wastaafu, wajumbe wa kamati ya taifa. Walikuwa zaidi ya 800, karibu moja ya tano ya mkutano wote, na walikuwa huru kumpa yeyote. Nataka hili lieleweke vizuri, maana ndipo makala yenu ilipogeuza mambo. Wajumbe wakuu hawakumpindua aliyekuwa anaongoza. Mwanzoni mwa 2008 wengi wa waliokuwa wametangaza upande walikuwa wa Clinton. Walianza kuhama polepole kadiri Obama alivyoongeza wajumbe wa kura, akampita Clinton miongoni mwao mwezi Mei, na tarehe 3 Juni akavuka mstari. Kama wangefanya kile makala inachodai kilifanyika, wangemchagua Clinton, kwa hoja ileile ya jumla ya kura ambayo kambi yake iliwapelekea hadi wiki ya mwisho.

Kanuni hii imebadilika, na mwandishi wenu hakuitaja. Baada ya ugomvi wa 2016, ambapo Clinton alimshinda Bernie Sanders kwa kura (karibu milioni 17 dhidi ya milioni 13 na ushei) na kwa wajumbe wa kura pia (2,205 dhidi ya 1,846) lakini wajumbe wakuu wakawa wametangaza upande wao mapema mno, chama kiliamua Agosti 2018 huko Chicago kwamba wajumbe wakuu hawatapiga kura ya raundi ya kwanza ya mkutano mkuu isipokuwa kama mshindi tayari hana shaka. Wanaingia raundi ya pili, na raundi ya pili haijatokea tangu hapo.

Kama gazeti linatafuta mfano wa kweli wa aliyepata kura nyingi na kukosa tiketi, upo: 1972, Hubert Humphrey alipata kura nyingi kidogo za mchujo kuliko George McGovern, lakini McGovern aliibeba California nzima, wajumbe 271, kwa kanuni ya mshindi kuchukua wote. Humphrey huyohuyo, miaka minne kabla, alikuwa ameteuliwa bila kushindana katika mchujo hata mmoja.

Upande wa Republican mambo yanakwenda kinyume: tofauti ndogo ya kura inazaa tofauti kubwa ya wajumbe, kwa sababu majimbo mengi yao humpa mshindi wote. Missouri 2008, John McCain alipata asilimia 33, Mike Huckabee 32, Mitt Romney 29. McCain akachukua wajumbe wote 58. South Carolina 2016, Donald Trump alipata chini ya theluthi moja ya kura na wajumbe wote 50. Alimaliza mchujo ule na takriban asilimia 45 ya kura za nchi nzima, na bado alivuka wajumbe 1,237 waliohitajika kwa nafasi kubwa. Pennsylvania mwaka huohuo ilikuwa na wajumbe 54 kati ya 71 ambao majina yao yalikuwa kwenye karatasi bila kusema wanamuunga mkono nani; mpiga kura alipaswa ajue mwenyewe kabla ya kuingia kituoni. Na Iowa 2012 ni kichekesho. Usiku wa kwanza Romney alitangazwa mshindi kwa kura 8. Hesabu ya mwisho ikampa Rick Santorum kwa kura 34. Kwa kuwa kura ile haikumfunga mjumbe yeyote, watu wa Ron Paul walibaki mikutanoni hadi mwisho, wakajaza nafasi ngazi kwa ngazi, na mkutano mkuu wa Tampa ulipofika, Paul, aliyekuwa wa tatu, akapigiwa na wajumbe 22 kati ya 28 wa Iowa.

Wajumbe ni watu, si tarakimu. Hilo wasomaji wa Tanzania wanalifahamu bila kufundishwa. Julai 2015 Kamati Kuu ya CCM ilibakiza majina matano, Halmashauri Kuu ikabakiza matatu, na mkutano mkuu Dodoma ukampa John Magufuli kura 2,104, kama asilimia 87. Pale wajumbe ndio walioamua tangu mwanzo. Wa Marekani huja na matokeo ya majimbo yao mkononi, lakini kanuni ya Democratic inawataka wayaakisi kwa dhamiri njema tu. Haisemi kura yao itabatilishwa. Kwa kawaida hilo halina athari. Julai 2024 lilikuwa nayo: Joe Biden alijitoa akiwa na karibu wajumbe wote, na ndani ya wiki mbili na ushei wajumbe haohao wakampigia Kamala Harris kwa njia ya mtandao, takriban asilimia 99, bila mwananchi yeyote kurudi kituoni. Unaweza kulipenda au kulichukia. Kanuni ilikuwa imeandikwa hivyo siku zote.

Ombi langu kwa dawati la kimataifa kabla ya 2028 ni jedwali. Msitangulize nani "ameshinda jimbo". Wekeni wajumbe waliopatikana katika jimbo hilo kwa kila mgombea, tofauti kati yao, wajumbe waliobaki nchini, na idadi inayotakiwa. Pembeni, neno moja: kura ya kawaida au kokasi, mgao wa uwiano au mshindi kuchukua wote. Mkitaka kuchapisha jumla ya kura za nchi, andikeni chini yake majimbo gani yamo na gani hayamo. Jumla isiyo na maelezo hayo ndiyo iliyozaa makala tunayoizungumzia. Msiwachanganye wajumbe hawa na wale wateule 538 wa Novemba, jambo lililotokea mara mbili katika safu moja. Na namba za usiku wa kwanza ziwekwe alama ya kuwa za awali. Iowa 2020, programu ya simu ya kutuma matokeo ilikwama, siku zikapita. Mwishowe Sanders alikuwa na kura kama 6,000 zaidi katika mpangilio wa kwanza wa wahudhuriaji, Pete Buttigieg akawa na wajumbe 14 dhidi ya 12, na shirika la habari la AP likakataa kumtangaza mshindi yeyote. Gazeti lililosubiri siku ile halikulazimika kuomba radhi.

Msomaji wenu,
Morogoro